Fundi Mkasi na Salamu za Simu

Fundi Mkasi alikuwa mkata vitambaa. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, naye alilipenda kuliko jina lake la kuzaliwa. Karakana yao ilishona sare za shule. Kilikuwa chumba kimoja kirefu, cherehani zimepangwa ubavu kwa ubavu, na mwisho kabisa, karibu na dirisha, palikuwa na meza kubwa ya kukatia. Meza hiyo ilikuwa yake.

Kila asubuhi, kabla hajashika mkasi, alipita cherehani kwa cherehani akisalimia. Hakutoa salamu za mkato. Alimuuliza Mama Pacha, mshonaji hodari kuliko wote, kama pacha wake wamelala vizuri. Alimuuliza Kifungo, mtoboaji wa matundu ya vifungo, kama mgongo wake umepata nafuu. Alimaliza kwa Bosi, mwenye karakana, mwanamke mwenye haraka ambaye aliitikia salamu huku anatembea. Kifungo alizoea kumtania Fundi kwamba siku atakayoshikwa na kiu, atakufa akiuliza habari za mwenye maji. Fundi alicheka tu. Kwake yeye, mtu anayeanza na shida kabla ya salamu hakuwa na tofauti kubwa na mwizi.

Basi, jengo likauzwa. Mmiliki mpya alitaka kuligeuza ghala. Bosi alitafuta chumba kingine asipate, akaamua kila fundi afanye kazi nyumbani kwake. Mtu wa pikipiki angechukua vipande kwa mkataji na kuvipeleka kwa washonaji. Mazungumzo yote ya kazi yangefanyika kwenye simu, ndani ya programu ya ujumbe wa kazi. Humo kila oda ilikuwa na grupu lake. Kulikuwa pia na jedwali la vipimo ambalo kila mmoja angeweza kulifungua kwenye simu yake. Bosi aliwaonyesha jinsi ya kuingia, kwa haraka yake ile ile, wakiwa wamesimama katikati ya maboksi.

Fundi Mkasi akaihamishia meza sebuleni kwake. Ilienea bila shida, kwa sababu sebule ilikuwa tupu. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, na alimpigia simu kila Jumapili, wakaongea mpaka mjukuu aanze kulia. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa kimya. Fundi alisikia mkasi wake mwenyewe ukila kitambaa, na akiuweka chini hakusikia kitu. Upweke ulimkaa kifuani, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Asubuhi ya kwanza alikaa mezani, akafungua simu, akafanya kama alivyozoea. Alimwandikia kila mtu peke yake, pembeni: "Habari za asubuhi?" Kisha akangoja.

Mchana Mama Pacha alijibu: "Njema. Za kwako?" Fundi alifurahi. Akaandika, "Nzuri. Pacha hawajambo?" Lakini Mama Pacha alikuwa ameshainamia cherehani yake. Alijibu jioni kwamba hawajambo. Muda wote huo Fundi alikuwa na swali kuhusu kola, na swali lilikuwa bado liko tumboni. Angeuliza vipi kabla salamu hazijaisha? Akalala nalo.

Ikawa hivyo kila siku. Salamu zilikwenda polepole, na kazi ikafuata nyuma yake. Siku moja alichungulia kwenye grupu. Akakuta Kifungo ameandika, "Kola za kijani ziko wapi?" Hakuna hujambo, hakuna pole na kazi. Bosi naye akajibu kwa neno moja tu. Fundi alijiona kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wanazozana. Akatoka kimya kimya, wala hakurudi tena. Alijiambia kwamba wanaongea wao kwa wao, na yeye wamemsahau.

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Hawakutuambia nusu ya pili tuitafute wapi.

Ikaja oda ya mashati ya bluu. Bosi alipoweka vipimo kwenye jedwali kwa mara ya kwanza, Fundi alivinakili kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Vilikuwa vipimo vya watoto wa madarasa ya chini. Lakini mtu wa pikipiki alipoleta jora la kitambaa, Fundi alilikunjua akaona ni kubwa mno. Mkataji mzoefu hupima kwa jicho. Kitambaa kile kilitosha mashati ya wakubwa. Ama Bosi alikosea, ama kuna kitu kimebadilika. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo akamwandikia Bosi: "Habari za asubuhi, Bosi?"

Bosi alikuwa dukani akitafuta vifungo. Aliiona salamu, akajisemea ataijibu baadaye, akasahau. Kesho yake akaandika, "Salama Fundi, wewe?" Fundi akajibu kwamba ni mzima, akauliza habari za nyumbani. Hapo Bosi akawa kimya tena. Mtu wa pikipiki alitarajiwa jioni. Fundi akaona hawezi kungoja zaidi. Akashika chaki, akafuata karatasi ya ukutani, akakata. Kitambaa kikishakatwa ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Furushi la kwanza lilipofika kwa washonaji, Bosi alipiga simu.

"Fundi, umekata za wadogo. Shule ilibadilisha, tunaanza na wakubwa."

"Mbona sikuambiwa?"

"Niliandika kwenye grupu. Nikabadilisha na jedwali. Wote wameona."

"Nilikusalimu juzi, Bosi. Nilitaka kuuliza jambo hilo hilo."

 Bosi akasema, kwa upole uliomuumiza Fundi kuliko ukali, kwamba pengine kazi ya namna hii imemchosha. Oda inayofuata angempa mkataji mwingine. Yeye apumzike kwanza.

Usidhani Fundi alihofia kukosa chakula. Binti yake asingekubali baba yake alale na njaa. Alichoogopa ni kingine. Wale watu wa karakana ndio pekee waliokuwa wakimuona kila siku. Akitolewa kazini, nani angejua kama ameamka au hakuamka? 

Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, alikaa mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga zamu za wauguzi wa hospitali. Fundi alimwita Dada wa Zamu. Siku za kuwa nyumbani alikaa mlangoni na simu tangu asubuhi, na Fundi aliamini kwamba anacheza. Kesho yake Dada wa Zamu alikuja na koti lililofumuka mshono. Akamkuta Fundi amekaa mbele ya lundo la vipande, hafanyi kitu.

"Baba, leo sijasikia mkasi," alisema. "Unaumwa?"

Fundi alitaka kusema haumwi, yaishie hapo. Badala yake akamweleza yote, tangu kuuzwa kwa jengo mpaka simu ya Bosi. Akampa na simu asome mwenyewe. Dada wa Zamu alisoma zile salamu moja baada ya nyingine. Mwanzoni alitabasamu. Alivyoendelea kusoma, tabasamu likamtoka.

"Baba, ukienda dukani unafanyaje?"

"Nasalimia, kisha nasema ninachotaka."

"Hutoi salamu tu, halafu ukarudi nyumbani kungoja muuzaji aitikie?"

Fundi alicheka bila kupenda. "Ningekosa hata chumvi."

"Basi humu ndivyo unavyofanya. Kule karakanani ulimsalimia mtu yuko mbele yako, akaitikia papo hapo. Kwenye simu mmoja anashona, mwingine yuko njiani. Kila mtu anasoma akipata nafasi. Akikuta salamu peke yake, hajui kwamba nyuma yake kuna shida. Weka vyote pamoja, Baba. Salamu, jambo lenyewe, na lini unahitaji jibu."

Akatoa simu yake akamwonyesha. Kumbe hakuwa akicheza. Aliandika kwenye grupu la wauguzi kwamba mmoja anaumwa, akataja wodi, akauliza nani atashika zamu ya jioni. Jibu lilikuja kutoka kwa muuguzi ambaye yeye asingefikiria kumuuliza. Ndiyo sababu, alieleza, swali la kazi huulizwa kwenye grupu, si pembeni. Mwenye jibu si lazima awe yule unayemdhania. Na wengine wenye swali kama lako husoma jibu hilo hilo wasiulize tena. Mambo ya siri ndiyo ya pembeni. Jambo la haraka sana, la kabla mkasi haujagusa kitambaa, unapiga simu.

Alimfundisha pia kujibu chini ya swali lenyewe, ili majibu ya kola yasichanganyike na majibu ya vifungo. Alimwonyesha alama ya kidole gumba, inayomwambia mwenzako kwamba umesoma na umekubali. Kisha akanyoosha mkono, akaibandua ile karatasi ukutani.

"Hii ilikuwa kweli siku uliyoiandika," alisema. "Jedwali la kwenye simu linabadilika. Bosi akigusa kwake, kwako pia linabadilika. Kabla ya kukata, lifungue kwanza, hata kama unajiamini."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Jambo moja lilikuwa bado linamkaa rohoni.

"Lakini mwanangu, wanaandika bila salamu. Kama mbuzi wanaoingia shambani."

"Hawakudharau, Baba. Wana haraka. Na wewe, mbona unazing'ang'ania sana hizo salamu?"

Fundi alikunja karatasi, akaikunjua. Kisha akasema ukweli. "Nataka mtu aniulize nimeamkaje. Tangu mke wangu afariki, hakuna anayeniuliza."

 Dada wa Zamu alikaa kwenye ukingo wa meza. Akasema kwamba hata yeye hupanga watu kutwa nzima, na jioni anafunga mlango wake peke yake. Hilo, alisema, programu haiwezi kulitengeneza. Lakini wenzake Fundi hawawezi kumkumbuka kama hawamwoni. Akitaka wamwone, aingie walipo.

Basi Fundi akaingia kwenye grupu. Aliandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena: "Hamjambo wenzangu. Ni mimi Fundi Mkasi. Nimekata mashati ya bluu saizi za wadogo badala ya wakubwa. Sikufungua jedwali, naomba radhi. Picha ya vipande ni hii. Je, kuna anayejua pa kuyatumia? Naomba jibu kabla mtu wa pikipiki hajapita leo jioni."

Akatuma. Hakungoja sana. Mama Pacha akajibu chini ya ujumbe wake kwamba kuna shule nyingine, kwenye oda atakayoishona yeye, imeomba mashati madogo ya bluu hiyo hiyo, na jora la oda hiyo bado liko kwa Bosi, halijafunguliwa. Wabadilishane. Vipande hivi viende kule, na jora lile lije kwa Fundi akate za wakubwa. Kifungo akaongeza: "Hujambo Fundi, tulidhani umehama dunia." Bosi akaandika mwisho: "Sawa. Fundi, jora linakuja. Fungua jedwali kwanza." Kuhusu mkataji mwingine hakusema tena, na oda iliyofuata ikaja kwa Fundi kama kawaida.

Kuanzia hapo kazi ikashika njia. Fundi akiwa na shaka, aliweka salamu na swali katika ujumbe mmoja, na picha ya kitambaa chini yake. Washonaji hawakungoja vipande, na Bosi hakulazimika tena kupiga simu kwa sababu ya makosa. Halafu Fundi akatoa ombi moja. Alimwomba Bosi afungue grupu lisilo la kazi, la kujuliana hali asubuhi tu, ili ya kazi yasilemewe na salamu. Bosi aliona ni kupoteza muda, lakini alilifungua.

Sitakudanganya, nyumba ya Fundi haikujaa watu. Asubuhi nyingine aliuliza habari za kila mmoja, wakajibu wawili. Bado alikula peke yake, na bado sebule ilikuwa kimya akiweka mkasi chini.

Siku moja umeme ulikuwa umekatika mtaani kwao tangu jana yake, na simu ya Fundi ikazima. Dada wa Zamu alikuwa ameitwa hospitalini. Fundi alikuwa amelifungua jedwali na kukariri vipimo kabla simu haijazima, kwa hiyo alikata kwa utulivu, hajui huko nje kuna nini. Mara mlango ukabishwa. Alikuwa mtu wa pikipiki, kofia mkononi. Nyuma yake pikipiki ilikuwa tupu.

"Vipande bado," Fundi alimwambia. "Si ulisema kesho?"

"Sikufuata vipande. Tangu jana hujaandika, na simu haipatikani. Mama Pacha anauliza kwenye grupu, Kifungo anauliza. Bosi akaniambia niache mizigo yote nije nikuone."

"Unione kwa jambo gani?"

"Nikuone tu, Fundi. Umeamkaje?"

Fundi alishika mwimo wa mlango. Alitaka kusema salama, neno alilolisema maisha yake yote bila kufikiri, akaliacha. Akasogea kando. Akavuta kiti, akaondoa vipande vilivyokuwa juu yake.

"Ingia," alisema. "Kaa kwanza, nikujibu vizuri."