Ufa Nyuma ya Makoti

Kila Jumamosi Linet alikunywa chai kwa viazi vitamu, kisha akamfuata mama yake kazini. Mama Linet aliuza nguo za mitumba mjini Kisii, chini ya kituo cha magari kilichojengwa juu ya nguzo za zege. Juu, magari ya kwenda Nyamache yalipakia abiria. Chini, wafanyabiashara walijibanza katikati ya nguzo.

Asubuhi moja Linet alikuta vumbi jeupe kwenye makoti aliyokuwa ameyatundika nguzoni. Akayakung'uta. Basi likapita juu, zege likanguruma, vumbi likamwagika tena. Akayasogeza makoti. Nyuma yake nguzo ilikuwa na ufa; Jumamosi iliyopita ulikuwa mwembamba kama uzi, sasa ulimeza kidole chake.

"Mama, umepanuka!"

Mama alitazama huku na huku. "Funika haraka. Mhandisi anakuja kukagua leo. Akiuona, kituo kitafungwa. Tutauzia wapi?"

Linet akafunika. Lakini kila gari lilipopita, alisikia kitu kikisagika ndani ya nguzo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Jirani yao Mzee Angwenyi, muuza viatu, naye alisikia. Akazidi kuinamia viatu vyake.

Adhuhuri mhandisi alifika, mwanamke aliyeitwa Jacinta, tochi mkononi. "Kuna mahali mmeona pameharibika?"

"Hakuna, madam," Mzee Angwenyi alijibu upesi. Mama akainama kukunja nguo.

Mhandisi akageuka kwenda zake. Juu, watoto waliokuwa wakishuka garini walikimbizana wakicheka. Linet alisikia vishindo vya miguu yao juu ya kichwa chake.

"Madam, ngoja!" Akayavuta makoti yote chini.

Mhandisi alimulika ule ufa. Uso wake ukabadilika. "Ondokeni wote! Sasa hivi!" Papo hapo akapiga simu ili magari na abiria waondolewe juu.

Watu walitoka wakinung'unika. "Mama Linet, mtoto wako ametuharibia kazi," Mzee Angwenyi alifoka. Mama alinyakua furushi la nguo, akatoka bila kumtazama Linet.

Alasiri mvua ilinyesha. Walikuwa wamejikinga ng'ambo ya barabara waliposikia mlio mkubwa. Nguzo ilikatika, na sakafu ya kituo ikaporomokea vibanda vyao. Hakuna aliyeumia. Vibanda havikuonekana tena.

Mzee Angwenyi alimsogelea Linet. "Binti yangu," alisema kwa sauti ndogo, "ningekuwa pale."

Wiki iliyofuata walipewa nafasi katika soko la Daraja Mbili, wangoje kituo kijengwe upya. Wateja walikuwa wachache. Mama alikunja nguo moja baada ya nyingine.

"Linet," alisema hatimaye, "niliogopa kukosa pa kuuzia, nikakufundisha kuficha. Hatari ukiificha haiondoki, ila watu wanakosa nafasi ya kuikimbia. Ukiona jambo kama lile tena, sema. Sema hata kama mimi ndiye niliyekuambia unyamaze."