Futi Haipimi Maumivu

Mimi ni nesi. Mlango wangu na mlango wa Mama Futi inatazamana. Nikigombana na mume wangu, anasikia. Akigombana na cherehani yake, nasikia. Haya ninayosimulia yamenichoma, na wenyewe wameniruhusu niyaseme.

Jina la Mama Futi alilipata kazini. Ni fundi cherehani. Kutwa amening'iniza futi shingoni, yaani ule utepe wa kupimia nguo. Anashona magauni ya harusi, na mkono wake hauna mpinzani. Lakini mdomo nao, Mungu anisamehe, haukuwa na breki.

"Mabinti wa siku hizi wanaianza ndoa kabla ya ndoa," aliwaambia wateja. "Kwangu mimi uchafu huo haupo."

"Una uhakika gani, shoga yangu?" nilimwuliza siku moja.

"Nawapima!"

Nilidhani anatania. Kumbe kweli! Kila mwezi aliwasimamisha mabinti zake wawili mbele ya kioo, akawazungushia futi kiunoni. Mkubwa alikuwa mwanamke mzima wa miaka ishirini na nne. Alishona pamoja na mama yake, na alikuwa na mchumba. Mdogo alikuwa na miaka ishirini, anasoma chuo. Kiuno kisipoongezeka, mama alitabasamu. "Salama salimini," alisema. Mazungumzo yakaisha hapo hapo.

"Mama Futi," nilimwambia, "futi ni ya nguo. Zungumza na mabinti zako."

"Nizungumze nini? Ukimtajia mtoto asali, si umemtuma mzingani?"

"Hao si watoto. Na asali wameisikia zamani. Wewe waambie habari za nyuki."

"Toka hapa, mwalimu wa uhuni!"

"Nakwambia ninachokiona kliniki. Vijana wasio na ndoa wanakuja kila siku. Ukiwauliza wazazi wao, wote wanasema kwangu hakuna. Sasa hao wanaokuja ni wa nani?"

Alicheka tu, akarudi kwenye cherehani.

Basi, gauni la binti mkubwa likaanza kushonwa. Mchumba wake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, kijana mpole, mwenye salamu nyingi. Siku hizo binti alianza kujishika chini ya kitovu. Alikanyaga cherehani kidogo, halafu akainama.

"Una nini?" mama yake aliuliza.

"Tumbo la mwezi tu, mama."

Halikuwa tumbo la mwezi. Alikuwa na homa. Alikuwa akitokwa na uchafu ukeni, wenye harufu mbaya. Kwangu ni kuvuka njia tu, lakini hakuja. Baadaye nilimwuliza kwa nini.

"Mama mdogo," alisema, "ningekuja kwako, mama angeuliza nimefuata nini."

Kwa hiyo alimeza vidonge vya kutuliza maumivu. Aliendelea kushonea shanga kwenye gauni lake mwenyewe. Mwisho wa mwezi mama akampima. Kiuno kilikuwa kimepungua. Mama wa watu akafurahi!

Asubuhi moja nilisikia kelele. Binti alikuwa ameanguka chini ya cherehani, mwili unawaka moto. Tulimkimbiza hospitali, akapasuliwa siku ile ile.

Alipozinduka, daktari alizungumza naye kwanza, peke yake. Kisha binti akakubali mama yake aelezwe.

"Ni maambukizi yanayopatikana kwa kujamiiana," daktari alisema. "Yalianza chini, yakapanda mpaka kwenye mirija ya uzazi. Mrija mmoja ulijaa usaha, tumeutoa. Wa pili umeharibika vibaya."

"Atazaa?"

"Sitaki kukudanganya, mama. Tumaini ni dogo sana. Angekuja mapema, dawa zingetosha."

Mama Futi alimgeukia mwanawe. Nilijua atamfokea. Hakumfokea. "Mbona kiuno..." alisema.

Mficha uchi hazai, tumezoea kusema. Siku ile sikuweza kuitamka methali hiyo. Nilitoka nje nikalia.

Mchumba alikuja na mfuko wa machungwa. Nilimsimamisha koridoni.

"Wewe hukuumwa?"

Akatazama chini. "Niliumwa, mama mdogo. Nilisikia moto nikikojoa. Nikaenda kutibiwa, nikapona."

"Ukamwambia mwenzako?"

"Niliona aibu. Angeuliza nimeutoa wapi."

"Aibu yako imemharibu mwenzio!" nilimwambia. "Ugonjwa huu hautibiwi upande mmoja. Mmoja akiugua, wote wawili wanapimwa, wote wawili wanatibiwa."

Alilia. Machozi yake yalisaidia nini? Wazazi wake walipopata habari, wakavunja uchumba. Walisema wanataka wajukuu. Kijana aliyeuleta ugonjwa ameshaoa kwingine. Binti ndiye anayenyooshewa vidole. Kijana hakuna aliyewahi kumpima kiuno!

Gauni liliuzwa kwa mtu mwingine. Mama Futi aliacha kutamba. Siku moja alivuka njia, akakaa kwenye kigoda changu.

"Nifundishe la kusema," aliniomba. "Nimebakiwa na mmoja."

Nikamfundisha. Jioni akamwita binti mdogo kwenye chumba cha kushonea. Aliniomba nami niwepo. Binti mkubwa alikuwa pale pale, anatia uzi kwenye sindano.

"Mwanangu," Mama Futi alianza. "Mimi natamani usubiri ndoa. Ukisubiri, usikubali mtu akucheke. Lakini kama hukusubiri, usinifiche. Sitakupiga, sitakufukuza. Tumia kondomu. Mkapime, wewe na mwenzako. Ukisikia maumivu chini ya tumbo, au ukiona uchafu usio wa kawaida, usingoje hata siku moja. Na hata usiposikia kitu, pima. Ugonjwa mwingine haupigi hodi."

Binti mdogo akasema, "Mama, kesho unaweza kunisindikiza?"

Walikwenda. Hakuwa na dalili yoyote, lakini alikutwa na maambukizi ya aina ile ile. Bado yalikuwa machanga. Alipewa dawa. Mwenzake naye aliitwa, akatibiwa. Walipopimwa tena, wote walikuwa wamepona.

Binti mdogo alileta habari mwenyewe, anakimbia. Mama Futi alimkumbatia, akashukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilipiga kigelegele.

Cherehani ya binti mkubwa ilinyamaza.

"Kumbe ulikuwa unaweza, mama," alisema. Hakuwa na hasira. "Ulikuwa unaweza kuniuliza."