Jani la Isale Bila Kosa Kutajwa

"Usinipe hilo jani bado," Doris alisema akiwa mlangoni. "Kwanza sema umefanya nini."

Elifuraha akaganda kwenye migomba, jani la isale mkononi. Huku Uru, anayekuja na isale kuomba radhi hakataliwi. Ukimkataa, ukoo mzima utakushangaa. Doris aliyajua hayo kwa uchungu. Mchumba wake wa kwanza, Ebenezeri, alimletea isale mara nne kwa mwaka mmoja. Akishasamehewa, ukimuuliza kosa, anajibu kwamba yeye hakosei, Doris ndiye mgumu wa kuelewa.

Na huyu wa sasa, mpagazi wa mlimani, juzi kampigia simu mara kumi na moja Doris akiwa kwenye kikao cha ushirika wa kahawa, mpaka mwenyekiti akauliza kama kuna msiba. Victoria, dada mtu, akatoa hukumu bila kusikiliza shauri: ni wale wale wanaojiabudu, mwache kabla ya mahari.

"Nilikuaibisha mbele ya wenzako," Elifuraha alisema taratibu. "Wewe una diploma, mimi nabeba mizigo ya wageni. Usipopokea simu, naona umeshapata wa maana."

"Kwa hiyo kosa ni la diploma yangu?"

"Hapana. Hofu ni yangu, na kosa ni langu."

Victoria, aliyekuwa akimenya ndizi barazani, hakuinua hata kichwa. "Kusema ni rahisi, shemeji. Tukuone ukikatazwa."

Hapo Doris akakumbuka. Ebenezeri ukimkatalia jambo, anakununia wiki nzima mpaka umwombe radhi wewe.

"Jumamosi naenda Himo na wenzangu," alisema. "Usinipigie mpaka jioni."

"Hata mara moja?"

"Hata moja."

"Itaniuma. Lakini sawa."

Jani akalipokea, jibu la ombi lake la ndoa akabaki nalo.

Jumamosi jioni, stendi ya Himo, Doris alitoa simu. Hakuna aliyepiga. Ujumbe ulikuwa mmoja tu: "Sijatulia tangu asubuhi ila sikupiga. Nimewakatia ng'ombe majani mpaka mama kanifukuza, anasema zizi limejaa. Umefurahi huko?"

Umefurahi huko. Katika miaka mitatu Ebenezeri hakuwahi kumuuliza hivyo.

Akapiga yeye.

"Nimefurahi sana. Mwambie baba yako washenga waje Jumapili, tukitoka kanisani."

Upande wa pili akamsikia akimwita mama yake, amesahau hata kumjibu.