Samaki Aliyesingiziwa

Kila asubuhi, mwaka ule wa 1956, Papa alirudi kutoka kwenye maporomoko ya mto na vikapu vyake vya kuvulia. Mimi ndiye niliyekaza kamba zilizolegea, mpaka Anne alipokuja. Anne, binti wa shangazi yangu wa Yanonge, aliletwa kwetu ili asome. Siku ya pili tu Papa akasema, "Anne iko na mikono mizuri. Colette, umuachie vikapu." Nilimwonea wivu, nasema wazi. Hata kicheko chake kilinichukiza.

Wiki ile tumbo likaanza kunisokota. Siku moja nilikimbilia chooni mara tano, kisha siku mbili sikupata choo kabisa. Mama, kama akina mama wengi wa mtaa wetu, akanisafisha tumbo kwa kuniingizia maji ya tangawizi nyuma kwa mpira. Nikazidi kuumwa.

"Ulikula nini?" Mama akauliza.

Maumivu yalikuwa ya kweli. Jibu langu halikuwa la kweli. "Anne alipika samaki ya kuoza. Nilimuona."

Mama akaamua Anne arudishwe Yanonge kwa mashua Jumamosi. Anne alikana mara moja tu, kisha akakunja nguo zake huku akilia. Nilidhani sasa nitapona. Kumbe Ijumaa nilizidiwa, Mama akanipeleka zahanati kwa Papa Séverin, muuguzi.

Alinibonyeza tumbo, akapima choo changu, hakuona minyoo wala damu. Mama akamweleza habari ya samaki na ya maji ya tangawizi. "Ile samaki mulikula nyumba nzima?" akauliza.

"Wote," Mama akasema.

"Na mwenye kuumwa iko mumoja tu? Bon. Utumbo mupana unasukuma chakula kwa kujikaza na kujilegeza, polepole. Kwa watu wengine, moyo ukipata taabu, utumbo unapoteza mwendo: leo unakimbia, kesho unasimama. Mutoto anaumwa kweli, lakini si samaki. Na ile tangawizi, Mama, uache. Inazidi kuusumbua." Akanigeukia. "Nini inakusumbua, mutoto?"

Kama ningenyamaza, kesho Anne angepanda mashua.

"Samaki ilikuwa muzuri," nikasema. "Nilidanganya. Papa anamupenda Anne kunipita."

Mama hakunipiga. Nyumbani alinisimamisha mbele ya Papa na Anne, nikarudia yote. Anne alifuta macho. "Basi, kesho nisipande mashua?"

"Unabaki. Jumatatu unaenda masomo," Papa akajibu. Kisha akanivuta karibu. "Colette, nilikutoa kwa kazi yako bila kukuuliza. Hapo nilikosa. Lakini wewe ulitaka kumufukuza ndugu yako kwa uongo, na njia ya mwongo ni fupi."

Tumbo halikutulia siku ile, wala wivu. Vyote viwili vilipungua taratibu, wiki baada ya wiki, kwa sababu nilishika maneno aliyomalizia Papa: "Siku ingine ukiona wivu, kuja uniambie, 'Papa, niko na wivu.' Nitakusikiliza. Lakini ugonjwa wako, mwana, usimubebeshe mwenzako."