Babu wa Daisy Kwenye Skrini ya Darasa

Jamani wenzangu wa Walthamstow, hapa London, kaeni kidogo niwaambie ya nyumba ya Zipporah.

Jumapili ilikuwa tamu pale. Zipporah ametoka shifti ya kutunza wazee, anapika chapati. Mumewe Kibet anazila zikiwa motomoto, hangoji hata mchuzi. Binti yao Daisy, wa miaka tisa, anachora mezani. Simu ikalia. Ni babu, baba yake Zipporah, anapiga video kutoka msitu wa Mau, Kenya.

"Daisy yuko wapi?" akauliza kwa Kiogiek, lugha ya kwao.

"Amelala, Baba."

"Tena? Huyo mtoto analala kuliko hao wazee wako. Mpelekeni hospitali."

Daisy alikuwa kando ya simu, mdomo umejaa chapati.

Kwa nini uongo huo? Zipporah ni Mwogiek, wa kabila dogo la msitu huo wa Mau. Alipokuwa shule kule Molo, wenzake walimcheka: mtu wa msituni. Akaapa mtoto wake hatachekwa, akapiga Kiogiek marufuku nyumbani, nayo ndiyo lugha pekee anayoijua babu. Sasa niambieni, London hii nani anajua kumcheka Mwogiek? Alipanda ndege na aibu ambayo huku haina soko.

Wiki hiyo mwalimu wa Daisy, Bi Balwinder, akawaita wazazi. Watoto walikuwa wameombwa waeleze kwao ni wapi. Daisy alisema, "Sisi hatuna kwetu," na tangu hapo haongei darasani. Akiulizwa, anatazama meza.

"Mwaka jana, siku ya Afrika, tulimvisha kinyago cha simba," mwalimu akasema. "Hatukumuuliza. Hilo kosa letu. Nyumbani mnaongea lugha gani?"

"Kiswahili tu," Zipporah akajibu haraka.

Kibet akakohoa. "Mama Daisy, mtoto anatupotea. Mwalimu, babu yake ni Mwogiek, anachonga mizinga ya nyuki. Daisy hajaruhusiwa kuongea naye."

Mwalimu hakumgombeza Zipporah. "Mamangu ni Mpunjabi, alizaliwa Kisumu," akasema. "Alininyima Kipunjabi nisionekane mgeni. Bibi yangu alifariki tukiwa tunatabasamiana tu. Naomba babu aongee na darasa."

Ijumaa, Zipporah akiwa amekaa nyuma ya darasa, babu akatokea kwenye skrini kubwa, kando ya mzinga wa gogo la mti wa mtarakwa. Akasema maneno marefu kwa Kiogiek. Watoto wakamgeukia Daisy. Daisy akamgeukia mama yake.

Zipporah angeweza kusema mtandao ni mbovu. Mimi ningesema hivyo. Yeye akasimama.

"Huyu ni babangu. Sisi ni Waogiek," akawaambia. "Anauliza mjukuu wake yuko wapi kati yenu, anataka kuisikia sauti yake, maana hajawahi kuisikia."

Kisha Daisy, kwa Kiingereza chake: "Mama, 'niko hapa' inasemwaje?"

Zipporah akamnong'oneza. Daisy akasimama juu ya kiti, akasema kwa nguvu mpaka darasa la jirani wakasikia. Kule Mau, mzee akavua kofia.

Funzo

Mzazi, usimnyime mtoto lugha kwa sababu wewe ulichekwa. Waliokucheka uliwaacha Molo. Mtoto unaye hapa. Mwalimu, kabla hujamvisha mtoto kinyago, uliza babu yake ni nani, halafu mpe nafasi darasani. Na wewe unayeita wenzako watu wa msituni, koma. Jumatatu nendeni shuleni mkaombe siku ya watu wenu. Mkikataliwa, Jumanne rudini.