Kipimo cha Pili

Denyse alifunga kipimo cha joto kimoja tu, lakini ubao mdogo wa kielektroniki ukasoma viwili.

Na yeye si mtu wa kubahatisha. Anatengeneza simu pale mtaa wa Nengo mwaka wa nane huu, waya tatu zingemshindaje? Nyekundu kwenye umeme, nyeusi kwenye hasi, njano kwenye pini ya data, rezista ndogo kati ya nyekundu na njano. Kila kipimo cha aina ile hutoka kiwandani na namba yake, ndiyo maana ubao huvitofautisha hata vikiwa kumi kwenye waya mmoja. Cha kwanza kilikuwa kwenye banda lake la vifaranga: nyuzi thelathini na mbili. Cha pili, ambacho hakikuwepo, kilisoma ishirini na tatu, baridi ya maji ya ziwa.

Akafungua, akafunga upya, akabadili ubao. Ishirini na tatu. Hakushtuka. Tangu mumewe, Ndayisenga, azame Ziwa Kivu akivua dagaa, sambaza, na mwili usionekane, alikuwa anapika, anafua, analala, basi. Majirani walisema ana moyo mgumu. Waseme.

Kesho yake ilikuwa ishirini na sita. Keshokutwa thelathini, na sebule ikanuka nyavu mbichi mchana kweupe. Siku hiyohiyo binti yao wa miaka minne, Akaliza, akaanza kupoa. Si homa, kupoa! Kituo cha afya walipima malaria, hawakuona kitu, wakasema afunikwe vizuri.

Mama mkwe, Mukamazimpaka, alikuja mbio kutoka Cyanzarwe. Akamshika mjukuu mkono, akauachia, akatazama skrini ya ubao.

"Mama Akaliza, hii namba ya pili ni ya nani?"

"Sijui, mama. Ikipanda, mutoto anashuka."

Mama mkwe akashusha sauti. "Moto ya matanga, ulizima siku gani?"

"Ya tatu. Moshi ilikuwa inaua vifaranga."

"Yesu wangu! Siku saba, we ukakata tatu? Mutu ya maji hana kaburi, anafuata ile moto tu. Umemuzimia akiwa njiani! Sasa anatafuta joto humu ndani."

Wakawasha moto uani, saa nane za mchana, mama mkwe akisali rozari kwa sauti ya kukwaruza. Denyse akatoa kipimo bandani, wakarudi ndani, akakiweka kwapani mwa mtoto: thelathini na moja. Cha pili: thelathini na nne. Akang'oa waya wa njano, na namba zote mbili zikabaki pale pale kwenye skrini, moja ikipanda na nyingine ikishuka, huku nyayo za maji zikitokea sakafuni moja baada ya nyingine bila mguu wowote juu yake, kutoka mlangoni, kupita meza, kupita mama mkwe aliyekuwa amesahau sala na kuziba mdomo kwa kitenge, mpaka ukingoni mwa kitanda cha mtoto, na pale godoro likabonyea.

Midomo ya Akaliza ilikuwa ya bluu.

"Ndayisenga," Denyse akasema taratibu, kama anayemwita mtu mezani. "Muache mutoto. Chukua joto yangu. Mi sina kazi nayo."

Godoro likainuka. Namba ya pili ikafutika.

Akarudisha waya, namba ya mtoto ikaanza kupanda. Thelathini na mbili. Thelathini na nne. Nyayo zilikuwa zinakauka. Ilipofika thelathini na sita na nusu, Akaliza akafumbua macho, akaomba chai yenye sukari nyingi, na mama mkwe akaangua kilio, akacheka, akalia tena, akimshukuru Mungu kwa Kinyarwanda na Kiswahili.

Denyse akampakata binti yake, akamkumbatia kwa nguvu. Mtoto akatetemeka, akamsukuma kifuani kwa viganja viwili.

"Mama, enda kule. We iko baridi."

Denyse akajitafuta moyoni kama imemuuma. Haikumuuma. Akamlaza mtoto kwa bibi yake, akasogea kando.