Siku Kambi ya Wakata Miwa Ilipochomwa

Kila Jumamosi Mellen aliamka mapema, akachota maji mara mbili, akafagia ua, kisha akafunga gunia la mahindi kwenye baiskeli ya baba yake na kuisukuma hadi kinu cha kusaga pale Awendo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba, na usukani wa baiskeli ile ulimfika kifuani. Baba yake, Wesley, aliinunua baada ya misimu minne ya kukata miwa, na hakuchoka kumwonya asiiache peke yake hata kidogo.

Mwaka huo wa 1996 Wesley hakuwa tena na kazi. Kontrakta aliyeitwa Mayaka alikuwa ameleta vibarua thelathini kutoka ng'ambo ya mpaka, Wakuria wa Tanzania, wakajenga vibanda vya nyasi kando ya mashamba ya miwa. Kwao bei ya pamba ilikuwa imeanguka, na shilingi ya Kenya ikibadilishwa mpakani pale Sirari ilinunua unga mwingi kuliko walichopata kwa jembe. Kwa hiyo walikubali nusu ya ujira waliozoea kulipwa wenyeji. Mayaka aliwaambia kina Wesley kwamba asiyetaka nusu abaki kwake. Wakabaki, na hasira ikabaki nao.

Mmoja wa wageni hao, Nyamhanga, alizoea kupita kwao Mellen kuomba maji ya kunywa. Alimwamkia mama yake "Shikamoo" huku ameinama, neno ambalo Mellen alilijua zaidi vitabuni, na msichana huyo alicheka mpaka akamwaga maji. Nyamhanga naye alicheka. Aliwaambia kwamba kule Tarime ana mama mgonjwa na wadogo zake wanne, na wote walimtegemea yeye.

Jumamosi moja Mellen alikuwa anarudi na unga alipomkuta rafiki yake Liz na watoto wengine kwenye kilima. Trekta iliyojaa miwa ilikuwa imekwama pale, na watoto walikuwa wakichomoa miwa kwenye trela. Mellen akailaza baiskeli pembeni na kujiunga nao. Alikuwa anavuta muwa wa pili trekta ilipoteleza nyuma. Trela ikapinda, gurudumu lake likapanda juu ya baiskeli, na chuma kikalia. Dereva akakanyaga mafuta, akaondoka bila kujua kilichotokea.

Gunia lilikuwa limepasuka na unga umechanganyika na udongo. Watoto walitawanyika. Mellen aliyaburuta mabaki ya baiskeli hadi katikati ya miwa, akayafunika kwa majani makavu, akaenda nyumbani akilia.

Alimkuta baba yake uani na wanaume kadhaa wa kijiji. Alipoulizwa, alisema baiskeli imechukuliwa njiani pamoja na unga. Wesley aliuliza ni nani aliyeichukua. Kabla Mellen hajapata la kusema, jirani yao Paul aliingilia.

"Ni hao Watanzania, sivyo?"

Mellen aliitikia kwa kichwa. Kichwa kiliinama mara moja tu, lakini kilitosha.

Wanaume waliinuka. Mama yake, Helen, alisimama mlangoni kuwazuia.

"Wesley, ndugu yako Jeff yuko Tanzania sasa hivi anachimba dhahabu. Huko yeye ndiye mgeni. Ungependa afanyiwe hivi?"

Wesley alimpita, akachukua panga lake. Njiani wengine walijiunga nao, hata wasiojua habari ya baiskeli, mpaka wakawa zaidi ya arobaini. Mellen aliwafuata. Kubaki nyumbani kulimtisha zaidi.

Wakata miwa walikuwa wanapika. Hakuna aliyewauliza kitu. Paul alipiga sufuria teke, uji wa moto ukammwagikia kijana aliyekuwa amechuchumaa jikoni, na kabla hajamaliza kulia wengine walikuwa wameshatia moto kibanda cha kwanza. Nyasi zilishika mara moja. Watu walitoka wakikohoa, wakapokelewa kwa rungu. Mellen alimwona mzee mmoja akianguka, akainuka, akapigwa tena mgongoni, na safari hii hakuinuka.

Kisha wageni wakafikia mapanga yao. Hapo vita vikawa vya pande zote. Paul alipigwa jiwe usoni, akazunguka kama kipofu huku damu ikimtoka katikati ya vidole. Wesley alikatwa begani, shati lake likalowa mpaka kiunoni. Nyamhanga hakuwa na panga. Alikuwa amesimama mbele ya kibanda kilichokuwa kinawaka, mikono juu, akisema hajaiba kitu. Mtu mmoja alimrushia panga kichwani. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na vidole viwili vikakatika.

Mellen alipaza sauti kwamba wakome. Hakuna aliyemsikia. Akamshika baba yake mkono, naye akamsukuma akaanguka. Ndipo alipogeuka na kukimbia mpaka pale kilimani, akaingia kwenye miwa, akaivuta ile baiskeli. Spoki zilimchana miguu. Alirudi akiiburuta, akapita katikati ya mapanga, akaiangusha mbele ya miguu ya baba yake.

"Hakuna aliyeiba. Nilikuwa naiba miwa, trela ikaikanyaga. Nilidanganya."

Wesley aliitazama baiskeli. Aliyekuwa karibu naye alishusha rungu, kisha mwingine, na kimya kikasambaa polepole mpaka kikawafikia wa mwisho. Vibanda viliendelea kuwaka. Wesley alitupa panga lake chini, akavua shati lililojaa damu yake, akaufunga nalo mkono wa Nyamhanga.

Hakuna aliyekufa siku ile, ingawa yule mzee alilazwa hospitalini wiki tatu na Paul hakuona tena kwa jicho moja. Polisi waliwakamata watu wa pande zote mbili. Wesley alikiri kwamba ndiye aliyewaongoza wenzake, akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Nyamhanga hakuweza tena kushika muwa kwa mkono wa kushoto. Helen alimpa chumba cha kulala mpaka kidonda kikauke. Kila asubuhi Mellen alimfulia na kumletea uji, na wiki ya kwanza hakuthubutu kumtazama usoni. Mwishowe alipomwomba msamaha, Nyamhanga aliutazama mkono wake uliofungwa. Alisema amemsamehe, lakini hajui atamwambia nini mama yake akifika Tarime.

Naibu wa chifu aliitisha baraza. Mbele ya wote wenyeji walisema walichokuwa wakilipwa zamani, na wageni wakasema wanacholipwa sasa. Ikajulikana kwamba Mayaka alikuwa akiwatisha wageni kwa wenyeji na wenyeji kwa wageni, ili kila upande ukubali kidogo. Siku iliyofuata hakuna aliyeingia shambani, Mkenya wala Mtanzania. Miwa ilikaa siku nne ikikauka. Siku ya tano Mayaka alikubali kuwarudisha wenyeji kazini na kulipa ujira mmoja kwa wote, ule wa zamani.

Wesley alipotoka gerezani alimkuta Mellen akifagia ua. Alikaa kwenye kigoda na kumwita. Mellen alipiga magoti, akitarajia fimbo.

"Nyathina, mwanangu, simama," alisema. "Uliogopa adhabu ya baiskeli, ukamtwika mtu mwingine kosa lako. Uwongo wako uliwapata watu waliokuwa wanatafuta wa kupiga, nami nilikuwa wa kwanza wao. Nilimchukia Nyamhanga kwa kuwa na njaa kama yangu. Yeye hakuninyang'anya kazi. Alivuka mpaka kutafuta chakula, kama baba yako mdogo alivyovuka. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utachapwa. Na ukisikia watu wanamlaumu mgeni kwa shida zao, uliza kwanza ni nani anayefaidika."

Mellen aliitikia, safari hii kwa sauti. Kisha baba yake akachukua panga lake, lililokuwa limeota kutu, akaanza kulinoa. Kesho yake alikuwa na zamu ya kukata miwa.